Ndege ya Kwanza ya Balsa Inayorushwa kwa Mpira: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu ndege ndogo ya fito: uti mmoja wa balsa (mbao nyepesi sana), bawa lililofunikwa karatasi upande wa juu tu, propela ya plastiki, na kitanzi cha mpira kinachopita chini ya uti. Vipimo vyote ni vya ndege yenye bawa la sm 40 toka ncha hadi ncha. Ikiwa mezani haina mvuto wowote. Inaruka, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Kwa nini nisianze moja kwa moja na ndege inayofanana na ndege ya kweli?

Uzito. Bodi ya mviringo, vioo, magurudumu na rangi hufikisha ndege ya ukubwa huu gramu 30 au 40 kabla hujashtuka. Ndege nzito ni lazima iende kasi ndipo ielee. Kasi inataka mpira mnene. Mpira mnene huishiwa mizunguko haraka na huivuta ndege kwa fujo mwanzoni. Hapo kosa dogo la kurekebisha linageuka ajali. Ndege ya gramu 12 ikianguka kifudifudi kwenye majani, unaiokota na kuirusha tena.

Halafu kwenye ndege ya fito kila kitu kinasogea. Bawa limefungwa juu ya uti kwa vipande vya mpira, kwa hiyo unalisukuma mbele au nyuma mpaka ndege ikae sawa. Kwenye bodi iliyozibwa, bawa limeshagandishwa pale mchoro ulipotaka, na dawa inayobaki ni kubandika udongo puani.

Vipimo vyake ni vipi?

- Uti: balsa ngumu ya mm 3 kwa mm 10, urefu sm 32. Upande wa mm 10 usimame wima.
- Bawa: sm 40 kwa sm 8, la nusu mbili za sm 20. Fito za mm 3 kwa mm 3. Kila nusu ina fito mbili ndefu (ukingo wa mbele na wa nyuma) na mbavu nne za mm 74, yaani vijiti vinavyounganisha kingo hizo.
- Mkia mlalo: sm 16 kwa sm 6, fito za mm 2 kwa mm 2, mbavu nne.
- Mkia wima: kimo sm 6, upana sm 5, fito zilezile za mm 2.
- Propela: ya plastiki, kipenyo sm 15, pamoja na kishikio chake kinachovikwa kwenye pua ya uti, na mhimili wa waya wenye ndoano.
- Ndoano ya nyuma: waya mgumu wa chuma wa mm 0.8, chini ya uti, sm 25 kutoka puani.
- Mpira: utepe wa upana wa mm 3 na unene wa mm 1, urefu wa sm 68 hivi. Ukishafungwa unakuwa kitanzi cha sm 32 au 33.

Bila mpira ndege iwe na gramu 9 hadi 12. Kitanzi kinaongeza gramu 2. Ikikaribia 18 kwa jumla bado itaruka, ila kwa kulalamika.

Nitaijuaje balsa nzuri?

Kwa mizani, si kwa macho. Balsa ni mti wa kitropiki wa Amerika, na sehemu kubwa ya inayouzwa duniani hutoka Ekwado. Ubao mmoja unaweza kuwa na uzito mara tatu ya mwenzake uliokatwa vipimo vilevile, na ukiziangalia rafuni zote ni nyeupe.

Chukua ubao wa mm 3 kwa mm 75 kwa mm 900. Ujazo wake ni kama sm 202 za ujazo. Ukisoma gramu 24 hadi 30 kwenye mizani, huo ni wa bawa na mkia. Gramu 32 hadi 40, tengeneza uti. Chini ya gramu 20 ni laini mno: fito za mm 3 zitavunjika kwa kushikwa tu. Wenye gramu 50 urudishe.

Baada ya uzito, tazama nyuzi. Kwa fito ndefu unataka nyuzi zilizonyooka toka mwisho mmoja hadi mwingine. Nyuzi zikikimbilia pembeni, ufito utakatika hapohapo. Ukikunja ubao kwa upana wake, kuna ule unaojikunja kama karatasi nene, na kuna ule unaogoma, wenye vidoa vidogo vinavyometameta. Ule unaogoma ndio wa mbavu.

Kata fito za kingo za bawa mfululizo kutoka ubao mmoja. Nusu ya kushoto na ya kulia zikitoka sehemu moja ya ubao, uzito wake utakaribiana, na utaepuka ndege inayoinamia upande mmoja bila sababu ya kuonekana.

Nikate kwa kifaa gani? Fito zangu zinachanika.

Wembe mpya na rula ya chuma. Usijaribu kukata mara moja. Pitisha wembe kwa wepesi mara tatu au nne mahali palepale. Mpito wa kwanza ni wa kuchora njia tu. Wembe ukianza kufuata nyuzi badala ya rula, unakandamiza mno au umeisha makali. Balsa laini inataka wembe mkali kuliko unavyodhani, kwa sababu makali butu hayakati nyuzi, yanazisaga.

Gundi ipi?

Gundi nyeupe ya mbao inatosha kazi nzima. Tone la ukubwa wa kichwa cha kiberiti ni kubwa mno. Paka kwa ncha ya kijiti cha meno, unganisha, ondoa, subiri nusu dakika, kisha paka tena kidogo na uunganishe moja kwa moja. Mpako wa kwanza unaingia kwenye vinyweleo vya mbao na wa pili ndio unaoshika. Iache dakika 30 kabla ya kuchomoa pini.

Supaglu ni ya haraka na inafaa kwa matengenezo uwanjani, lakini ukikosea pembe hakuna kurudi nyuma. Na moshi wake unawasha macho, usiinamie kazi.

Bawa linajengwaje?

Chora nusu zote mbili kwa ukubwa halisi kwenye karatasi. Ilaze juu ya ubao bapa unaokubali pini, kisha ifunike kwa nailoni nyembamba ili gundi isigandishe bawa kwenye mchoro. Kuwa mkali na huo ubao: ukiwa umepinda mm 2, bawa nalo litatoka limepinda mm 2.

Laza ukingo wa mbele na wa nyuma. Usichome pini katikati ya ufito wa mm 3, utaupasua. Simamisha pini mbili ubavuni, moja kila upande, ziubane. Mbavu zote nane zikatwe kwa kipimo kimoja. Zipange pamoja, zibane kwa vidole, pitisha msasa kwenye vichwa hadi zilingane. Ubavu uingie mahali pake kwa kusukumwa kidogo sana. Mfupi unaacha pengo la kujazwa gundi, yaani uzito usio na faida. Mrefu unaisukuma fito nje na bawa linakuwa na tumbo.

Zikikauka, chonga pembe ya kuunganishia. Weka shina la nusu bawa (upande utakaoungwa) likiwa sawasawa na ukingo wa meza, inua ncha yake kwa kitu cha sm 4, kisha sugua shina kwa msasa uliobandikwa kwenye kibao, kibao kikisimama wima kando ya meza. Pembe inajitengeneza yenyewe. Fanya hivyo kwa nusu ya pili. Sasa bana nusu moja ikiwa imelala kwenye ubao, inua ncha ya nyingine sm 8, gundisha shina kwa shina. Iache usiku kucha, maana hiki ndicho kiungo kinachobeba ndege nzima.

Mwisho ni kitako cha bawa: kipande cha balsa ya mm 3 chenye urefu wa sm 11, kimo mm 8 chini ya ukingo wa mbele na mm 5 chini ya ukingo wa nyuma. Kigundishe chini ya katikati ya bawa, kikitokeza sm 1.5 mbele na nyuma. Pembeni yake bandika vibanzi viwili vya mm 1 vinavyoshuka na kuukumbatia uti kama mashavu, bawa lisiyumbe. Mpira mdogo wa kufungia unapita kwenye ncha zinazotokeza.

Kwa nini kitako kiwe juu zaidi mbele?

Ile tofauti ya mm 3 inalipa bawa pembe kubwa kwa nyuzi 2 hivi kuliko mkia. Ndege ikishika kasi, bawa linainua pua. Ikipungua kasi, pua inashuka na kasi inarudi. Hakuna rubani ndani, kwa hiyo kazi hiyo ni lazima ifanywe na maumbile ya ndege yenyewe. Mfaransa Alphonse Pénaud alilionyesha jambo hili hadharani mwezi Agosti 1871 katika bustani ya Tuileries, Paris: ndege yake ya mpira, yenye bawa la sm 45 hivi na mkia uliowekwa pembe ndogo kuliko bawa, iliruka sekunde 11 na kwenda karibu mita 40 bila kuguswa. Ukubwa wake haukuwa mbali na wa ndege hii.

Na ule umbo wa V wa mabawa ni lazima?

Ni lazima. Ndege ikiinama kushoto inaanza kuteleza kuelekea kushoto. Bawa la kushoto linakutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi na kujiinua. Ukilijenga bawa bapa, ndege itainama mara moja na haitarudi tena. Sm 4 kila ncha inatosha. Sm 3 bado inaruka. Usishuke chini ya hapo.

Nifunike kwa karatasi gani, na kwa nini bawa langu limejikunja baada ya kufunikwa?

Karatasi ya shashi iliyo nyepesi, ile laini ya kufungia zawadi. Ina mwelekeo wa nyuzi: ichane kipande, upande unaochanika kwa mstari mnyoofu ndio mwelekeo wake. Mwelekeo huo ufuate urefu wa bawa. Funika kila nusu kwa karatasi yake. Kipande kimoja hakiwezi kukaa kwenye V bila mikunjo.

Changanya gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, paka juu ya fito, laza karatasi, vuta mikunjo kwa upole kutoka katikati kwenda nje. Ikikauka, kata ziada kwa wembe mpya. Karatasi ikiwa imelegea, nyunyiza ukungu wa maji, matone yasionekane, na inapokauka inakaza kama ngoma.

Na hapo ndipo bawa hujikunja, kwa sababu karatasi inavuta upande mmoja tu na fito hazina mwenza chini. Baada ya kunyunyiza, libane bawa kwenye ubao, nusu moja kwa wakati, hadi likauke kabisa. Likishajikunja, lishikilie juu ya mvuke wa birika, lipinde kinyume kidogo kuliko unavyotaka, hesabu hadi 20 nje ya mvuke, achia. Mkia wa fito za mm 2 usiunyunyizie maji kabisa. Ukilegea kidogo haitadhuru; ukijipinda, kila siku utakuwa unatafuta kosa ambalo halipo kwenye bawa.

Kagua ukiwa umeishika ndege kwa mkono ulionyooka, ukiitazama kutoka nyuma. Ukingo wa nyuma wa kila nusu uende sambamba na ukingo wa mbele. Mpindo mmoja tu unaruhusiwa, na tunautaka: ukingo wa nyuma wa ncha ya kushoto ushuke mm 2 kuliko ule wa mbele. Sababu iko hapo chini, kwenye swali la kuzunguka kushoto.

Propela inawekwa upande upi?

Uso wake uliobinuka utazame mbele, kule ndege inakokwenda. Propela nyingi za plastiki, ukiwa nyuma ya ndege, huzunguka kwa mwelekeo wa saa zinapovuta. Kwa hiyo ukisimama mbele na kusokota kwa kidole, unazungusha pia kwa mwelekeo wa saa. Ukisokota kinyume, propela itasukuma ndege kurudi nyuma.

Kati ya propela na kishikio kuwe na shanga ndogo ya plastiki, na tone dogo la mafuta mepesi. Ipulize: propela izunguke kwa pumzi bila kukwama. Ikisimama mara zote mahali palepale, blade moja ni nzito. Ikwangue kwa msasa upande wa nyuma hadi isimame popote.

Bendi za kawaida za ofisini hazifai?

Kwa kujaribu kama propela inazunguka, sawa. Kwa kurusha, hapana. Bendi ni fupi, ukiziunga unapata mafundo mengi, na mpira wake hauvutiki sana kabla ya kukatika. Mpira wa ndege za mfano huuzwa kama utepe mrefu na unavutika mara sita na zaidi ya urefu wake.

Kitanzi kifungwe na kutunzwa vipi?

Osha unga mweupe kwa maji na sabuni, kausha. Funga kabla ya kupaka kilainishi, la sivyo fundo litateleza. Lowesha ncha kwa mate, funga fundo la kawaida, la pili kinyume chake, kaza kwa kuvuta ncha na kitanzi kwa zamu, kisha acha mikia ya mm 5. Fundo likae upande wa ndoano ya nyuma. Likiwa karibu na propela linaifanya itetemeke.

Kilainishi ni mafuta ya silikoni, au gliserini iliyochanganywa na sabuni ya maji. Weka matone matatu ndani ya mfuko wa plastiki, tia kitanzi, sugua kwa nje ya mfuko. Mafuta ya mashine na vaselini ni marufuku, maana yanaula mpira.

Mpira mpya unafundishwa kazi kwanza: uvute mara tatu ya urefu wake, ushikilie dakika moja, uache upumzike, rudia mara nne hivi. Usipofanya hivyo, safari ya kwanza itakuwa na nguvu za ajabu na ya pili itakuwa ndege nyingine. Uhifadhi gizani, penye ubaridi. Dakika chache za jua kali juu ya mpira uliopakwa mafuta zinatosha kuanza kuuharibu. Ukiona kijikato ukingoni, tupa kitanzi hicho.

Nisokote mizunguko mingapi?

Kwa kidole, mpira ukiwa haujavutwa, usizidi 200. Zaidi ya hapo unahitaji kuuvuta unaposokota.

Kusokota kwa kuvuta kunafanywa na watu wawili. Mmoja anashika pua pamoja na propela, vidole vyake vikiwa kwenye kishikio, wala si kwenye bawa. Mwingine anachomoa mpira kwenye ndoano ya nyuma, anautia kwenye ndoano ya waya iliyofungwa katika drili ya mkono, na kurudi nyuma hadi mpira uwe mara nne ya urefu wake. Anasokota nusu ya mizunguko akiwa amesimama hapo, kisha anasogea mbele polepole huku akiendelea, ili mzunguko wa mwisho umkute karibu na ndoano. Kutoka nyuma, mkono wa drili unageuzwa kwa mwelekeo wa saa. Hesabu kwanza kichwa cha drili kinazunguka mara ngapi kwa mzungusho mmoja wa mkono. Wote wawili wavae miwani: mpira ukikatika unarudi kwa kishindo. Kipete kidogo cha plastiki mwisho wa kitanzi kitakurahisishia kuuhamisha toka drili kwenda ndoano.

Mpira wenyewe unakuambia ulipofika. Kwanza unakuwa kamba laini. Kisha vinatokea vifundo vidogo vilivyopangana, safu ya kwanza. Ukiendelea, safu hiyo nayo inajikunja na kuwa vifundo vikubwa, na mkono unaanza kuhisi ugumu unaopanda ghafla. Ugumu huo ndio mwisho.

Kwa kitanzi cha sm 32 kilicholainishwa na kuvutwa, 400 hadi 500 ni salama. Ukitaka kujua kikomo cha mpira wako hasa, toa kitanzi kimoja sadaka: sokota hadi kikatike, andika idadi, kisha vingine vya kipimo hicho usivuke asilimia 75.

Kituo cha uzito kiwe wapi?

Sm 3 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, mpira ukiwa umefungwa. Funga bawa ukingo wake wa mbele ukiwa sm 6 kutoka puani, inua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa kwenye alama hiyo. Pua ikishuka, sogeza bawa mbele; mkia ukishuka, lirudishe nyuma. Kusogeza mm 3 kunaonekana angani, kwa hiyo weka alama ya penseli kwenye uti kila unapobadilisha.

Naweza kusokota na kurusha sasa?

Bado. Kwanza irushe bila kusokota. Simama kwenye majani marefu, pasipo upepo. Ishike chini ya bawa, kimo cha bega, pua ikielekea ardhini mita 6 mbele yako. Isukume kwa mwendo wa kutembea haraka na uiachie. Usiitupe kama jiwe. Inavyotakiwa, inashuka kwa mteremko mmoja na kutua mita 5 au 6 mbele.

Ikiinua pua, ikasimama na kudondoka, rudisha bawa nyuma mm 3. Ikizama moja kwa moja, lisogeze mbele mm 3. Ikikata kona kali, tafuta bawa lililopinda kabla hujagusa mkia wima. Badilisha kitu kimoja, rusha mara tatu, ndipo ubadilishe kingine. Mtu anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja hata akifaulu hajui alichofanya.

Hapo ndipo uje kwenye mpira: mizunguko 80, halafu 150, halafu 250. Iachie pua ikiwa sawa na upeo wa macho, propela ikiachiwa nukta moja kabla ya ndege.

Inateleza vizuri bila mpira, lakini ikisokotwa inapanda wima na kudondoka.

Usiguse bawa. Mteremko ni mzuri, kosa ni la mvuto wa propela. Elekeza mhimili chini kidogo: tia kibanzi cha nusu milimita kati ya uti na dari ya kishikio, upande wa nyuma wa kishikio. Nyuma inapanda, mbele inainama. Nyuzi 2 au 3 kwa kawaida zinamaliza ugomvi. Ukilirekebisha kwa kurudisha bawa nyuma, ndege itapanda vizuri halafu itazama mpira ukiisha.

Inazunguka kushoto, kona inazidi kukaza, inaishia chini.

Propela ikizungushwa upande mmoja, ndege inasukumwa kujibingirisha upande wa pili, yaani kushoto, na nguvu hiyo ni kubwa zaidi sekunde tano za kwanza. Mduara mpana wa kushoto tunaukubali. Ule unaokaza unazuiwa na mambo mawili: mpindo wa mm 2 kwenye ncha ya kushoto, unaoliinua bawa la ndani ya kona, na mhimili ulioelekezwa kulia nyuzi 2. Kwa hilo la pili, kibanzi kinaingia ubavu wa kushoto wa uti, nyuma ya kishikio.

Ikisokotwa sana inazama, mpira ukikaribia kuisha inaruka vizuri.

Tazama uti ukiwa umesokotwa: umejikunja kama upinde. Mpira unavuta pua na ndoano ya nyuma zikaribiane, uti unabinuka juu, mkia unabadilisha pembe. Tumia balsa ngumu zaidi au ongeza kimo cha uti kuwa mm 12. Uti mmoja mpya, si ndege mpya.

Propela inazunguka kwa nguvu na ndege haisogei mbele.

Propela imegeuzwa nyuma mbele, au mpira umesokotwa kinyume. Karibu kila mara ni moja kati ya hayo.

Nirushe wakati gani?

Alfajiri baada ya kupambazuka au jua likikaribia kuzama, majani ya miti yakiwa yametulia. Upepo ukishatikisa vijitawi, rudi nyumbani. Mchana wa jua kali hewa ya joto inapanda, na ndege ya gramu 12 iliyorekebishwa vizuri inaweza kwenda nayo moja kwa moja. Andika namba ya simu kwenye bawa.

Nitegemee sekunde ngapi?

Siku ya kwanza, 10 hadi 15. Mizunguko 400 huisha kwa sekunde 20 hadi 30 hivi, kisha kuna mteremko. Ukitaka zaidi, usikimbilie mpira mnene. Punguza uzito: pima kila kipande, utakuta propela na kishikio chake ni karibu nusu ya ndege.

Ukingo wa mbele umevunjika, karatasi imechanika.

Kama vipande bado vinaoana, tia supaglu tone moja, shikilia, halafu bandika kipande cha balsa cha sm 2 ubavuni. Usiliwekee bawa la kushoto kipande cha sm 2 na la kulia cha sm 6, uzito hautalingana. Karatasi iliyochanika izibe kwa kiraka cha shashi na gundi ile ya maji. Utepe wa gundi ni mzito, na ukiubandua unaondoka na nusu ya bawa. Ukimaliza, pima tena kituo cha uzito na uanze na mizunguko 80.